Moto wa Maganda: Maisha ya Babu Josiah Buya, 1932–2024

Moto uliwaka! Ijumaa tarehe 6 Desemba 1957, saa nne asubuhi, maganda ya ndizi na maembe yaliyooza yalichemsha sufuria nzima ya maji, mbele ya watu waliokuwa wamecheka mwezi mzima. Familia ikiambiwa itaje siku moja tu ya maisha ya Babu Josiah, ni hiyo. Lakini twende pole pole.

Babu Josiah Buya alizaliwa Golbanti, kando ya Mto Tana, tarehe 14 Machi 1932, mtoto wa tatu wa Mzee Buya, mkulima wa ndizi na mpunga. Alisoma shule ya misheni hapo hapo, 1942 mpaka 1947, akaishia darasa la sita. Hesabu aliiweza. Kuimba hapana, mpaka kwaya ikampa kazi ya kubeba vitabu.

Mwaka 1953 alipanda basi Garsen akaenda bara, kwenye shamba moja la kahawa karibu na Thika. Huko aliona pipa limejaa maganda ya kahawa na samadi, na juu yake pipa lingine limegeuzwa kichwa chini. Vitu vikioza ndani, inatoka hewa inayowaka, bila moshi, na ikijaa inainua lile pipa la juu. Kazi yake ilikuwa kufagia tu, lakini kwa miaka mitatu alihakikisha anafagia karibu na lile pipa.

Alirudi nyumbani 1956, na Jumamosi tarehe 15 Desemba akafunga ndoa kanisani na Bibi Dado. Oktoba iliyofuata alitafuta mapipa mawili ya mafuta, akaunganisha mpira wa baiskeli wa kupitisha hewa na kopo lililotobolewa la kuwashia moto, akajaza maembe yaliyoanguka, maganda ya ndizi na makombo ya kila nyumba.

Katikati ya Novemba Tana ikafurika. Kitongoji chao, nyumba kumi na tisa, kikawa kisiwa. Kuni zikalowa zote, watu wakachoma milango, halafu vinu. Maji ya mafuriko yasipochemshwa yalikuwa yanaharisha watoto, na wawili tayari walikuwa hoi. Bibi Dado naye alikuwa na mimba ya miezi tisa. Babu alijua mtoto akizaliwa pale bila moto, hali itakuwa mbaya.

Na pipa la juu halikuinuka. Lilinuka uchachu tu. Watu wakasema Josiah anapika pombe, na mhubiri akaja kunusa mwenyewe, maana Wamethodisti na pombe hawakai nyumba moja. Babu alikumbuka samadi ya kule bara, sana. Shida ni kwamba samadi yote ya kisiwani ilikuwa ya Mzee Molu, mfugaji Muorma aliyekwama pale na ng'ombe kumi na mmoja. Ng'ombe hao ndio waliokula mahindi ya Babu mwezi wa Agosti, na tangu siku hiyo hawakuwa wanasalimiana.

Aliyeanza kuongea ni Mzee Molu. Alipita, akainama, akanusa.

"Hii imechacha vibaya," akasema. "Sisi tukiweka maziwa kwa kibuyu, tunaacha kidogo ya jana ndani. Ya leo peke yake haijui njia. Jana yako iko wapi?"

Babu akawatazama ng'ombe. "Jana yangu iko nyuma ya ng'ombe wako, Mzee Molu."

"Basi chukua. Si ni mahindi yako?"

Wakacheka wote wawili, na ugomvi ukaishia hapo. Siku hiyo, tarehe 20 Novemba, Babu alimwaga nusu ya ule uchachu, akatia karai mbili za samadi, na majivu ya kukata ukali.

Tarehe 2 Desemba Bibi Dado alijifungua msichana, Dida. Maji ya kumzalishia yalichemshwa kwa kuchoma kinu cha mwisho. Kufika tarehe 6, kitu kikavu kilichobaki kisiwani ni viti vya kanisa, na mhubiri alikuwa ameanza kuvihesabu. Asubuhi hiyo pipa la juu likawa limeinuka kama shubiri mbili. Babu akawasha kiberiti. Jua lilikuwa kali, hakuna aliyeona kitu.

"Hakuna moto hapa, Baba Dida," alisema Bibi Dado. Akasogeza mkono, akaurudisha haraka. "Upo."

Maji ya kwanza walipewa wale watoto wawili wagonjwa, na wote wakapona. Viti vya kanisa navyo vikapona.

Baadaye Babu alitengeneza mapipa mengine kijiji cha Wema, na moja kwenye hoteli ya chai pale Garsen. Kila mwaka, mpaka Mzee Molu alipofariki, kibuyu cha maziwa hakikukosa kufika Golbanti.

Bibi Dado alitangulia mwaka 2011. Babu alianza kuugua presha 2021, na mguu wa kushoto ukakosa nguvu. Wiki yake ya mwisho mjukuu alitupa ganda la ndizi uani. Babu akamwambia, "Hilo lina kazi bado." Alifariki nyumbani, Ijumaa tarehe 9 Februari 2024, alfajiri.

Ameacha watoto watano, wa kwanza akiwa Dida mwenyewe aliyekaa mbele hapa, wajukuu ishirini na watatu na vitukuu kumi na wanane. Mungu ampumzishe mahali pakavu, penye amani.

Watu wa Mzee Molu wako mbali wanachunga mifugo, na hawakuwahi kufika mazishini. Mwenye namba yao apige picha ukurasa huu, awatumie.