Paja la Kondoo la Doreen

Jumapili mchana, kwenye basi la kutoka Burnley kwenda Nelson, huku Uingereza, Doreen alikaa mbele yangu amepakata paja zima la kondoo. Alimtangazia kila abiria kwamba ametoka kulishinda klabuni, kwenye bahati nasibu ambayo zawadi yake huwa nyama. Mzee mmoja mwenye kofia, wala hawajuani, alilitazama paja kwanza, ndipo akamsalimia mwenyewe.

"Hongera, mama. Umeshaliripoti?"

"Nikaliripoti wapi?"

"Kwa wanaokupa posho ya serikali, ile ya wenye kipato kidogo, kama unapata. Kodi hawakukati, ushindi hapa hauna kodi. Ila posho, wanaangalia ulichojiwekea."

"Usinitie hofu, baba. Wakinikatia posho, hata oveni sitaweza kuiwasha. Na nimeweka nini? Jioni naliingiza ovenini, usiku limekwisha."

"Lote? Peke yako? Hapo watauliza." Akashusha sauti kama mtu wa ofisini. "Ukimgawia mtu nusu, uko salama."

Kwa jinsi alivyolikodolea macho, sidhani kama alikuwa anaifikiria serikali.

Doreen akalikumbatia paja. "Na wewe hupati posho?"

"Napata. Ya uzeeni."

"Basi nikikugawia, nawe umeshinda. Nitakuponza bure."

Mzee akageukia dirishani. Basi likasimama, Doreen akainuka. Mzee naye akainuka, ingawa nilimsikia akikata tiketi ya mwisho wa safari.

"Shida ni kugawa," alikuwa akimwambia wakishuka. "Mgeni akila mezani kwako, hiyo haihesabiwi. Kwako mnakula saa ngapi?"