Nilitamani Kusomea Mafuriko, Kumbe Nilikuwa Nayakimbia

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe na waliofika mapema, asifiwe na wale mlionyeshewa njiani mkija! Mimi naitwa Mama Nekesa. Nimeokoka, nampenda Yesu, na leo nimesimama hapa kutoa ushuhuda, kwa hivyo mnivumilie.

Ndugu zangu, wengi wenu mnanijua kama fundi wa cherehani. Nafanya kazi katika kiwanda cha nguo kule Ruiru, kwenye laini ya mashati. Kazi yangu ni kola. Nashona kola, napitisha kwa mwenzangu, nachukua nyingine. Nyumbani ni Murera, na mume wangu, Baba Nekesa, ana kibanda chake cha kuchomelea milango na madirisha hapa Makongeni, Thika. Tuna mtoto mmoja, Nekesa, yuko gredi ya tatu.

Kile msichokijua ni kwamba kwa miaka mingi mikono yangu ilikuwa Ruiru lakini mimi mwenyewe sikuwepo.

Nilizaliwa magharibi, karibu na mto, mahali pa tambarare ambapo maji yakitoka hayana kizuizi. Nilikuwa msichana mdogo mto ulipoacha njia yake. Tulikimbilia shule iliyokuwa juu kidogo. Nyanya yangu, aliyenilea, alisema anarudi kufungulia mbuzi, atatufuata. Hakutufuata. Ndugu zangu, nilikaa kwenye ile baraza ya shule nikiangalia njia mpaka watu wazima wakaacha kuniambia ngoja.

Tangu siku hiyo nilikuwa na swali moja. Kwa nini hakuna mtu aliyejua? Kwa nini hakuna mtu aliyekuja mapema akatuambia?

Sasa swali hilo likakua nami. Nikiwa kwenye cherehani, nilianza kujiona nimekuwa mtu mwingine. Nimevaa buti na kofia ngumu, nasomea mafuriko, maporomoko, matetemeko ya ardhi. Napima mto. Napanda mlima naangalia nyufa. Halafu nafika katika kijiji fulani, naingia boma fulani, namwambia mama mmoja mzee, “Hameni leo, msingoje kesho.” Na yule mzee ananisikiliza. Kila mara ananisikiliza! Anafungulia mbuzi mapema, anachukua leso yake, tunaondoka pamoja. Nilirudia hiyo ndoto kila siku, ndugu zangu, mchana kweupe, macho yakiwa wazi.

Wenzangu wakila chakula cha mchana, mimi nilikuwa kwenye simu nikitazama video za milima ikiporomoka. Wakaniita Mama Mafuriko. Nilicheka nao, lakini kifua kilikuwa kimebana. Mvua ikianza kugonga mabati ya kiwanda, pumzi ilikatika. Hata manyunyu tu!

Siku moja sindano ilipita kwenye kidole changu, ikaingia kwenye kucha ikatokea upande wa pili. Sikuwa nimeona kidole kinaenda. Supavaiza wetu, dada anayeitwa Wambui, alizima mashine akanishika mkono.

“Mama Nekesa, mwili uko hapa. Akili iko wapi?”

Ndugu zangu, akili ilikuwa kwenye mlima unaoporomoka.

Nilijaribu kumwambia mume wangu. Tulikuwa tunakunywa chai. Nikasema, “Baba Nekesa, nataka kuacha cherehani nikasomee majanga. Mafuriko na vitu kama hivyo.” Akacheka, si kwa ubaya, alidhani ni mzaha. “Watu wanakimbia mafuriko, wewe unataka kuyafuata?” Sikulitaja tena kwa muda mrefu.

Lakini ndugu zangu, hofu haikai kwa mtu mmoja. Asubuhi moja ya msimu wa mvua nilimfunua Nekesa blanketi aamke aende shule. Alikuwa amelala na viatu. Viatu vya shule, kamba zimefungwa! Nikamuuliza, “Nekesa, hii ni nini?” Akanijibu taratibu kabisa, “Ni ndio nikimbie haraka maji yakikuja.”

Hakuna mtu aliyemfundisha hayo isipokuwa mimi. Sikuwahi kumwambia neno, lakini alikuwa ananiona nikisimama mlangoni nikitazama mawingu. Nililia siku hiyo kwenye choo cha kiwanda, nikamwambia Mungu, “Baba, mimi nimezoea. Lakini huyu mtoto, hapana.”

Sikujua nilichokuwa nimeomba.

Haikupita muda mrefu, mvua kubwa ikanyesha tangu asubuhi bila kupumzika. Kazini tuliambiwa tuondoke mapema. Nilipofika upande wetu wa Murera, ule mto mdogo tunaovuka kila siku kwa daraja la chini haukuwa mdogo tena. Daraja halikuonekana. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo, yamebeba matawi, jerikani na mlango mzima wa choo. Shule ya Nekesa ilikuwa ng'ambo. Nikampigia mwalimu, simu haipatikani. Nikampigia mume wangu Makongeni, haipatikani. Nikapiga tena. Nikapiga tena!

Ndugu zangu, nataka mnielewe hapa. Mimi nilikuwa nimetazama video zote hizo. Nilijua kwamba maji yanayokimbia, hata yakifika magotini tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Ningeweza kufundisha hilo. Na bado mguu wangu mmoja ulikuwa tayari ndani ya maji.

Mtu alinivuta sweta kwa nyuma, kwa nguvu, mpaka nikakaa kwenye matope. Alikuwa Mama Njoki, yule mama wa ushirika wetu wa nyumbani anayeuza sukuma wiki karibu na stendi. Alikuwa amejifunika gunia kichwani, naye analia.

“Ukiingia hapo, huyo mtoto atabaki na nani?”

“Mama, mtoto wangu yuko ng'ambo! Niache!”

“Hata wangu wako ng'ambo! Wajukuu wangu wawili. Hata mimi naogopa. Ngai, Mungu wangu! Naogopa sana!” Akanishika uso kwa mikono yote miwili, baridi kama barafu. “Lakini sikiza, mwanangu. Mungu hayuko upande huu peke yake na sisi. Hata ng'ambo yuko.”

Hata ng'ambo yuko.

Kanisa, nimeokoka miaka mingi. Nimeimba, nimefunga, nimetoa sadaka. Lakini sikuwahi kuamini hivyo. Tangu nikiwa mtoto kwenye ile baraza ya shule niliamini Mungu alibaki na sisi tuliokuwa mahali pakavu, na kule nyanya alikorudi, hakuna aliyekuwa naye. Ndiyo sababu nilikuwa naenda huko kila siku kwa mawazo. Nilikuwa nakwenda kumsaidia kwa sababu nilidhani yuko peke yake!

Tuliomba tukiwa tumekaa kwenye matope. Mama Njoki aliomba kwa Kikuyu kwa sauti kubwa, mimi nikaomba kwa lugha ya kwetu magharibi, na mwisho sikuwa na maneno, nikawa nasema tu, “Uko naye. Uko naye.” Na nilipokuwa nasema hivyo, kitu kikaachilia kifua changu. Siwezi kueleza vizuri. Maji bado yalikuwa yanapiga kelele. Simu bado haikuwa imelia. Sikuwa na habari yoyote nzuri. Lakini nilivuta pumzi ikaingia mpaka chini, na sikumbuki mara ya mwisho mvua ikinyesha nami nikapumua hivyo. Haleluya! Amani ilifika kabla ya habari!

Ndipo akili ikarudi. Nikaona watu wamesimama kwenye ukingo kabisa, wengine wakipiga picha, na udongo chini yao umeanza kupasuka. Nikawaambia warudi nyuma. Sikupiga mayowe, niliongea tu, na wakarudi. Sijui kama ule ukingo ulimeguka baadaye, sikungoja kuangalia. Mimi na Mama Njoki tulipata mtu wa bodaboda akatuzungusha kwa barabara ya juu, ndefu, yenye matope mpaka kwenye magoti yetu, na njiani simu ikalia. Mume wangu. Akasema mwalimu amempata kwa simu. Watoto wote wamepelekwa kwenye kanisa lililo juu ya shule. Wako salama.

Tuliwakuta wengine wanakula githeri ya mahindi na maharagwe. Nekesa alikuwa anakimbizana na wajukuu wa Mama Njoki, bila viatu. Akaniona nimejaa matope kama nguruwe, akauliza, “Mama, uliogopa?”

Nikamwambia, “Sana.”

“Hata mimi. Mwalimu akasema tuimbe.” Akarudi kucheza.

Sasa nilidhani hofu ikitoka, ile ndoto ya kusomea majanga itatoka nayo. Nilingoja itoke. Haikutoka! Ilibaki, lakini ilikuwa imetulia. Nikamwambia tena mume wangu. Safari hii hakucheka. Alinitazama, akasema, “Kwanza ulikuwa unaongea kama mtu anakimbizwa. Leo unaongea kama mtu anaenda mahali.”

Ndugu zangu, nimeanza masomo ya jioni hapa Thika. Mchana nashona kola, jioni nasoma jinsi mito inavyofurika na jinsi watu wanavyoonywa mapema. Hesabu zinanishinda, niombeeni. Wanafunzi wenzangu wananiita shosho, yaani nyanya yao. Sijui kama nitamaliza, wala sijui kama kuna mtu ataniajiri. Na sitawadanganya: mvua ikianza usiku, moyo bado unaruka. Lakini haukai huko juu tena. Unashuka.

Namshukuru Mungu kwa ajili ya Mama Njoki, aliyenivuta sweta likachanika. Namshukuru kwa mume wangu. Namshukuru kwa mtoto ambaye sasa analala bila viatu.

Na kama uko hapa, na kuna mtu wako aliye ng'ambo ya kitu usichoweza kuvuka, yuko hospitali, yuko jela, yuko Uarabuni na simu haishikwi, au alikwenda na hakurudi kama nyanya yangu, nakuomba umwamini Bwana. Usingoje hofu iishe kwanza. Njoo hivyo hivyo ukiwa unatetemeka. Mimi nilikuja nimekaa kwenye matope, na akanipokea.

Amina.