Filister Amekufa kwenye Runinga

Kijiwe chetu hapa Kosele ni benchi moja kando ya kinu cha unga, na kahawa ni ya Mama Bathsheba. Wenye benchi ni Jaji, mzee wa ukoo ambaye kortini hajawahi kuingia. Signal, fundi wa simu. Na mimi, Pasipoti, niliyefika Mombasa na Mwanza nikarudi na goti bovu. Asubuhi hiyo Bathsheba alikuwa anamimina kahawa nje ya vikombe. Bintiye Filister, aliyeanzia jukwaani kwenye maigizo ya shule mpaka akaingia kwenye runinga, alikuwa anakuja kulala nyumbani usiku mmoja tu, baada ya miaka miwili. Shida ni kwamba wiki iliyopita, kwenye tamthilia, alikufa. Akazikwa. Soko zima liliona jeneza likishuka.

— Mtu akishaliliwa haingii boma la mamake mpaka wazee wamsafishe, Jaji alisema. Na wazee wameenda matangani Migori.

— Lakini ni kuigiza tu, bana, Signal alisema.

— Na shimo? Shimo nalo liliigiza?

Signal akalegea. Akaanza kudai kwamba kamera hubaki na kivuli cha mtu, ndiyo maana simu za waigizaji huharibika ovyo. Mimi nikasema Mwanza nilimjua mwigizaji aliyekufa mara tatu, kisha akaoa. Hakuna aliyeniamini, hata mimi.

Bathsheba akaweka birika chini.

— Jaji, shemeji yangu. Hiyo sheria inataka nini hasa?

— Kilio. Pasipo kilio, hakuna msiba.

Bodaboda ikasimama. Akashuka mwanamke mwenye kitambaa kichwani na mkoba mmoja. Alikuwa Filister, na alikuwa ameyasikia hayo ya mwisho.

— Hamjambo, wazee wangu. Nilipokufa, nani alilia?

Signal akatazama simu iliyozimwa. Mimi, niliyejipangusa uso siku ile kwa kitambaa cha meza cha mke wangu, nikakuna goti. Jaji, ambaye katikati ya maziko yale alitoka nje ya hoteli alimokuwa akitazama runinga, eti kuangalia kama mvua inakuja, akakohoa. Bathsheba alikuwa anamtazama yeye peke yake.

— Hatukuona chozi, Jaji akaliambia lile birika.

Filister akachukua mkoba wake.

— Basi naingia kwa mama. Asanteni, wazee. Mnaigiza vizuri.