Felista Subilaga, Mkamwana Aliyemrudisha Baba Mkwe kwa Walio Hai

Ndugu waombolezaji, wasifu huu umeandikwa na Lazaro, mdogo wake marehemu, kwa niaba ya familia. Wazee walimwomba aandike kwa upole, kwa kuwa msibani hakusemwi maneno ya kuchoma. Amejaribu. Pale alipoteleza mtamwia radhi, maana dada yake mwenyewe hakupenda uongo uliofunikwa kitambaa cheupe.

Felista Subilaga alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 hapa hapa Ikuti, wilayani Rungwe, mtoto wa pili wa Mzee Meshaki na Mama Agness. Mvua ilikuwa inanyesha, mkunga amekwama ng'ambo ya mto, na bibi yake ndiye aliyempokea. Bibi alikuwa akisimulia kwamba mtoto yule alitoka amekunja ndita kama mtu aliyecheleweshewa haki yake. Watu walicheka. Baadaye waliacha kucheka.

Alisoma shule ya msingi Ikuti tangu mwaka 1979 hadi 1985, kisha akaendelea na sekondari mjini Tukuyu na kuhitimu kidato cha nne mwaka 1989. Walimu walimkumbuka kwa ubishi. Akipewa alama asizostahili, ziwe pungufu au za ziada, alirudi nazo mezani kwa mwalimu. Mwaka uliofuata aliajiriwa kuwa karani wa kampuni moja ya chai, akafanya kazi huko kwa uaminifu hadi alipougua. Jina la kampuni hiyo halitatajwa leo. Itarudi mbele kidogo, wala si kwa sifa.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na Jairo Mwaipaja, fundi seremala, na Mungu akawajalia watoto wawili, Prosper na Lilian. Walijenga katika uwanja mmoja na baba mkwe, Mzee Abrahamu Mwaipaja, dereva wa greda mstaafu. Kwa wageni waliotoka mbali, ni vizuri mjue: kwa desturi yetu ya Kinyakyusa, mkamwana hamtazami baba mkwe usoni, wala halitaji jina lake. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja anaingia migombani mpaka mwenzake apite. Vijana wa leo wanalicheka jambo hili. Felista hakulicheka. Kwake ilikuwa heshima, na mzee naye aliirudisha heshima hiyo kwa kukohoa kila alipokaribia ua, ili mkamwana wake apate nafasi ya kujitenga. Wakaishi hivyo miaka yote, wakipendana bila kuonana.

Sasa tufike kwenye lile linalotia kichefuchefu.

Septemba 2014 ulipita uhakiki wa wastaafu, yaani zoezi la kuthibitisha kwamba mzee anayelipwa pensheni bado yu hai. Mzee Abrahamu alikuwa ameumia mguu, ikaahidiwa kwamba ofisa wa mfuko wa pensheni atamfuata nyumbani. Ofisa alikuja siku ambayo hakusema kuwa atakuja. Mzee alikuwa amepelekwa hospitali ya Igogwe kutazamwa mguu, na nyumbani alikuwepo Felista peke yake, anamenya ndizi. Ofisa hakushuka hata kwenye gari. Aliuliza dirishani, "Abrahamu Mwaipaja yupo?"

Felista angejibuje? Jina lenyewe hakuweza kulitamka. Aliinamisha uso, akamwonyesha mgeni kwa mkono kwamba asubiri, akaenda kumwita jirani, Mama Ackson, aje amsemee. Ndivyo afanyavyo mkamwana mwenye adabu. Waliporudi, gari lilikwisha ondoka. Yule bwana alikuwa ameona mwanamke ameinama, hataki kumtaja mzee, na hilo likamtosha. Akaandika kwamba mstaafu amefariki, na kwamba taarifa ametoa mkamwana wake. Hakuuliza jirani, hakuuliza mwenyekiti wa kitongoji, hakuuliza kaburi liko wapi. Mtu mzima, ana mshahara na gari la serikali, anamzika mzee wa watu kupitia dirishani, halafu anaenda kula chakula cha mchana.

Pensheni ikakatika, na dawa za presha za mzee zikakatika nayo. Jairo alipokwenda kulalamika, aliambiwa hivi, na hapa Lazaro haongezi chumvi: ili malalamiko yapokelewe, kwanza kiletwe cheti cha kifo cha mstaafu, ndipo waone kama kuna haja ya kukitengua. Wakili wa mjini alitaka alipwe kabla hajafungua mdomo. Mzee akawa anakaa nyuma ya nyumba, hataki kwenda hata kanisani. Alimwambia mwanawe, "Nikipita, watu wananitazama kama nimetoroka huko."

Felista alijua kwamba kimya chake ndicho kilichoandikwa. Hakulia. Alikwenda Mbeya kwa mafunzo ya wasaidizi wa kisheria, watu wanaosaidia wenzao katika mambo ya haki bila malipo, akarudi mwaka 2015 na cheti na hasira. Bibi Shamimu, fundi cherehani wa Msasani ya pale Tukuyu, alimpa baraza lake. Pale, siku asizokuwa kazini, Felista alianza na kesi ya baba mkwe, na kabla haijaisha alikuwa amezungukwa na wastaafu, wajane na wagonjwa waliozungushwa na ofisi mpaka wakachoka. Wengi wenu mliomo humu mlikaa kwenye benchi la baraza lile.

Malipo hakupokea. Watu wetu hawajui kusaidiwa na kuondoka mikono mitupu, kwa hiyo walileta mikungu ya ndizi. Alipokatazwa na masharti ya kazi yake kuichukua, hakuirudisha pia, maana kumrudishia mtu ndizi zake ni kumtukana. Bibi Shamimu aliinjika sufuria, ikapikwa mbalaga, ndizi zetu za Kinyakyusa, wakala wote waliokuwa wakisubiri. Ikafika mahali watu wengine walikuja bila tatizo lolote. Felista aliwajua, na aliwapakulia.

Aprili 2017, baada ya barua nyingi na safari nyingi, ofisi ilikubali kusikiliza shauri la Mzee Abrahamu. Kitambulisho chake kilikuwa mezani. Mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo. Mzee mwenyewe alikuwa nje, barazani, amekaa kwenye kiti. Lakini bwana mkubwa wa ofisi alishikilia kwamba aliyetoa taarifa ya kifo lazima aitengue mwenyewe, kwa kumtambua mzee uso kwa uso na kumtaja jina.

"Mama, ni jambo dogo," alisema. "Mtazame, umtaje, tuandike, twende nyumbani."

"Kwako ni dogo," alisema Felista. "Mimi sijawahi kumtaja. Ninyi mlimtaja, mkamwua."

"Basi shauri litabaki kama lilivyo. Utaratibu ndio huo."

Felista aligeuka akautazama ukuta, mgongo kwa mlango, akamwambia Jairo, "Mwambie mzee akohoe."

Jairo alitoka, na kutoka barazani kikasikika kile kikohozi chake, kimoja kizito na viwili vifupi.

"Huyo ndiye baba mkwe wangu," alisema Felista. "Nimekisikia kikohozi hicho tangu nilipoolewa. Andika. Na uandike pia kwamba maiti hakohoi."

Wengine waliangua kicheko. Bwana mkubwa hakucheka, ila aliandika. Pensheni ilirudi, na malimbikizo yake, na Jumapili ile mzee alikwenda kanisani akakaa benchi la mbele. Aliyemzika kupitia dirishani hakuja kuomba radhi. Tulisikia amepandishwa cheo.

Mwaka 2023 Felista aliugua figo, akalazimika kuacha kazi. Alipofuatilia mafao yake, aligundua kwamba kampuni ile ya chai ilikuwa ikimkata mchango kwenye mshahara kila mwezi, na kwa miaka mingi haikuupeleka kwenye mfuko. Yeye aliyewapigania wenzake bure, makato yake yaliliwa na watu aliowasalimia kila asubuhi. Alifungua shauri lake akiwa kitandani. Wiki ya mwisho alipigiwa simu kwamba afike ofisini mwenyewe, ahakikiwe. Alicheka mpaka akakohoa, akamwambia Lilian, "Wape kikohozi hicho." Alifariki tarehe 3 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na mume wake. Shauri lake halijaisha. Bibi Shamimu na Lilian wameapa kulimaliza, na baraza la Msasani litaendelea.

Kampuni imeleta shada leo asubuhi, lina utepe ulioandikwa "Tutakukumbuka daima." Familia imeliweka kule zizini. Maua ni ya plastiki, hata ng'ombe wameyakataa.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu, mama yake mzazi, mdogo wake Lazaro, na baba mkwe wake, Mzee Abrahamu Mwaipaja, aliyeandikwa marehemu kabla yake na ambaye leo anamzika.

Mzee ana ombi moja, na familia imelikubali. Kwenye kutoa heshima za mwisho, atapita yeye wa mwisho, peke yake, na jeneza lisifungwe kabla hajafika. Amesema hajui mkamwana wake anafanana vipi, na hataki kwenda kaburini bila kujua. Tafadhali mpisheni njia. Atakohoa kwanza, kama siku zote, kisha atasubiri kidogo, kwa mazoea.

Bwana ampumzishe Felista kwa amani.