Jiwe la Kona ya Makaburi

Sikilizeni wanangu, Odessa na wewe Lucius, na mfunge hilo dirisha, vumbi la pamba nililovuta kiwandani miaka thelathini linanitosha. Mimi Hosea Tolliver nimeyaona yote ya kaunti hii kwa macho haya haya, anayebisha abishe sasa nikingali napumua. Niliwaona Wamaskogi, Wahindi Wekundu wenye nchi hii, wakiswagwa kwa bunduki kwenda magharibi, wamebeba makaa ya moto wa mji wao chunguni. Msicheke! Bibi alisimuliwa na bibi yake, na macho ya bibi ni macho yangu.

Walipoondoka pamba ikatanda kote, nasi tulioletwa kwa minyororo tukailima. Tulipofunguliwa, babu akapata ekari hizi arobaini, akafa bila kuandika wosia. Alisema, "Mimi karatasi yangu siipeleki kwa mzungu mahakamani." Wazee wetu wote walifanya hivyo wakajiona wajanja, kumbe shamba likabaki la ukoo mzima, kila mtu ana sehemu yake na hakuna ajuaye iko wapi. Kikaja kiwanda, kikaunywa mto, kikayala mapafu yangu, sasa kinataka na shamba. Binamu yangu Ezell, ambaye hajang'oa hata gugu hapa, amemuuzia mwenye kiwanda sehemu yake. Nikamwambia, "Shetani wee, umemuuza mama yako kaburini!" Akanijibu, "Kaka Hosea, mimi nimeuza changu tu." Mwenye kiwanda akakimbilia mahakamani, na jaji kasema shamba haligawanyiki vipande, liuzwe lote.

Imebaki kona ya makaburi. Wakili wetu anasema itapona iwapo lile jiwe lililosimama pale ni mpaka wa tangu enzi za Wamaskogi. Jumatatu Odessa utashika Biblia useme chifu wao aliliweka, akamwambia bibi yake Bibi, "Nitunzie mpaka nirudi."

Niinueni kidogo... Hapo. Nizikeni kona hiyo kabla ya Jumatatu, mkiwahi. Kikombe changu cha bluu kivunjeni mkiweke juu, kama tulivyowafanyia wenzangu. Mungu awashike mkono popote mtakapotupwa. Lucius, usimkaripie dada yako.

Na wewe Odessa, usiape. Mwaka niliomposa mama yenu, baba yake alinicheka: "Nyie akina Tolliver mna nini zaidi ya midomo?" Nikalibeba jiwe kutoka msingi wa kiwanda, mgongoni, peke yangu, nikalisimika pale makaburini nipate cha kujivunia... Makaa ni kweli, mwanangu. Chungu ni kweli. Chifu... chifu nilimtunga mimi.