Tuta la Mwezini

Asubuhi ile benchi letu lilijaa mapema, na salamu zilikuwa za mdomo tu. Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, mbele ya kibanda cha Kamusi, fundi viatu aliyepewa jina hilo kwa sababu husoma kila gazeti kabla ya kulitumia kufungia viatu. Walikuwepo pia Breki, dereva wa lori mstaafu, na Sindano, fundi cherehani. Mimi ndiye muuza kahawa wao. Aliyekosekana ni Mwalimu, aliyefundisha sayansi hadi akastaafu, mwenye darubini aliyojitengenezea kwa bomba la plastiki. Jicho lake moja lilikufa mwaka juzi, na daktari alimwonya: la pili likianza kupoteza vitu vidogo vidogo, nalo limeshika njia ile ile.

Jana yake, jua lilipozama tu, Mwalimu alituita uani kwake. Alisema kwenye uwanda mmoja mweusi wa mwezini kuna tuta refu, jembamba, linaloonekana siku moja mbili tu kila mwezi, jua likilipiga ubavuni. “Kwa hesabu yangu ni leo. Lakini mimi naona weusi mtupu. Labda nimekosea siku. Hebu chungulieni.” Tukachungulia wote wanne. Kisha kila mmoja akakumbuka ana shughuli kwake, tukaondoka kama wezi.

Sindano: Lakini jamani, tuta la nini mwezini? Kuna magari kule?

Breki: Nimeendesha miaka thelathini. Tuta haliwekwi bure. Pale kuna watu waligongwa.

Kamusi: Acheni ujinga. Mwalimu alishatueleza. Ule weusi ni mawe yaliyoyeyuka, yakamwagika, yakajaza mabonde. Yalipopoa yakasinyaa, yakajikunja kama ngozi ya juu ya uji. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki.

Sindano: Kitambaa kikikatwa vibaya hujikunja hivyo hivyo. Mwezi ulishonwa mkesha wa sherehe, mteja yuko mlangoni.

Breki: Na yale mashimo?

Kamusi: Mawe ya angani. Yalianguka.

Breki: Wee, kamdanganye mkeo. Yale yamechimbwa. Udongo wakaurundika pembeni, ndilo tuta. Watu walikuwa wanazika kule.

Sindano: Wanamzika nani?

Breki: Wao kwa wao. Mashimo yote yale, mji mzima ulikwisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakuziba.

Sindano: Basi tuta lile ni ukuta wa makaburi! Ndiyo maana nililiona limenyooka, halafu kule chini likapinda kama...

Kamusi akaweka nyundo chini.

Kamusi: Uliliona.

Sindano: Kwani wewe?

Kamusi: Kutoka kwenye kile kishimo kidogo mpaka ukingoni. Kama mshono wa soli.

Breki: Huenda kioo cha darubini kina mchirizi.

— Mchirizi gani wenye kivuli, mzee? nikamuuliza. Yeye alikunywa kahawa iliyokwisha kwenye kikombe.

Hapo ndipo alipofika binti wa Mwalimu, yule mkubwa anayeishi naye. Hajawahi kukanyaga kijiweni kwetu.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, mama, tukaitikia. Mwalimu kaamkaje?

— Hajala tangu jana. Kanituma swali moja. Lile tuta mliliona, au hamkuliona?

Nilijitia kupanga vikombe. Kamusi aliinamia kiatu ambacho alikuwa amekwisha kukishona.

— Mwambie lilipita wingu, Sindano akasema.

— Hakukuwa na wingu, baba. Nilikuwa nje naanua nguo.

— Basi mwambie kakosea siku, akasema Kamusi. Hesabu humponyoka mtu yeyote.

— Nikimwambia hivyo atafurahi. Atakula. Halafu mwezi ujao atawaita tena. Mtamwambia nini?

Pikipiki mbili zilipita. Mwishowe Breki akasimama, akajikung'uta suruali.

— Neno hili halibebwi na mtoto. Twendeni.

Niliacha birika juu ya mkaa, nikawafuata.

Mwalimu alikuwa uani, kwenye kiti cha plastiki, darubini imefunikwa shuka. Alisikia viatu vyetu kwenye kokoto, hakugeuka.

— Mmekuja wangapi?

— Wote, Mwalimu, nikasema.

Aliitikia kwa kichwa polepole, mara nyingi. Mikono yake ilishuka mapajani, ikatulia.

— Basi mliliona.

Breki akasema:

— Tuliliona, kaka. Sote.

— Afadhali. Nilidhani nimesahau kuhesabu. Kumbe ni jicho tu.

Bintiye aligeuka, akaingia ndani. Tukasikia mlango ukifungwa taratibu. Mwalimu akajikohoza, akairudia sauti yake ya darasani.

— Haya, nielezeni. Linaanzia wapi? Kivuli kimelala upande gani?

Kamusi, mtu wa maneno, alianza mara mbili, “Kutoka kwenye kile kishimo...”, akaishia hapo. Tukabaki tumesimama pale, na yeye akitusubiri, macho kayafumba, uso ameuelekeza upande ambao hapakuwa na mtu.