Jumla Ikipungua Moja

Ukungu wa Murongo haushuki kutoka milimani kama wanavyodhani watu wa mbali. Unapanda kutoka mtoni, polepole, kama jirani anayekuja kuomba moto, na ukishafika unakaa. Ikifika saa moja asubuhi daraja halionekani, forodha haionekani, na benchi letu mbele ya jiko la Salvina linabaki kisiwa chenye birika. Sauti peke yake ndiyo inayovuka bila kugongewa muhuri. Jogoo wa Uganda anawika kwetu, mbuzi wetu anajibu kwao. Redio ya Salvina nayo imejiamulia uraia wake: asubuhi inashika stesheni ya ng'ambo tu, inayotangaza kwa Runyankole, lugha ambayo Mnyambo, mwenyeji wa huku kwetu, anaielewa hata asipotaka. Asubuhi hiyo ilikuwa ikituambia kwamba majaji wa kule wangesoma uamuzi wa kesi ya urais: kura zihesabiwe tena, au yaliyotangazwa yabaki yalivyotangazwa.

Tulikuwa wanne na Salvina. Mzee Kaijage tunamwita Jaji, kwa sababu alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo huko Bukoba, na alipostaafu alipandishwa cheo na benchi. Deodatus anavusha maharage. Tunamwita Mubashara, kwa kuwa jambo lolote duniani analisimulia kama aliyekuwepo. Elipidius wa bodaboda ni Pancha, na pikipiki yake ndiyo sababu. Wa nne ni mimi, ninayenywa na kusikiliza. Salvina mwenyewe tunamwita Tume. Akitangaza kwamba kahawa imekwisha, imekwisha, hata kama birika bado linatoa mvuke.

Mubashara: Yale masanduku nimeyaona. Yamewekwa kwenye ghala la pamba.

Pancha: Umeyaona lini, na jana ulishinda hapa?

Mubashara: Kuona si lazima uende, kijana.

Jaji: Tutofautishe mambo. Kuna kuhesabu upya, kuna kukagua, kuna kubatilisha. Kuhesabu upya maana yake kila karatasi inatolewa, inaangaliwa, inarudishwa kwenye lundo lake.

Pancha: Lundo lilelile?

Jaji: Kwa kawaida, ndiyo.

Pancha: Sasa faida yake nini?

Jaji: Sasa imerudishwa kwa amri ya mahakama.

Mubashara: Tatizo la kule si wizi, ni unyevu. Karatasi ikikaa kwenye unyevu inavimba. Ikivimba inaachana. Unatumbukiza moja, unakuja kutoa mbili. Hapo utamkamata nani? Utaikamata mvua?

Salvina: Kama maharage yako tu.

Mubashara: Afadhali Tume umenielewa.

Hapo ukungu ukatoa bahasha. Tuliona bahasha ya kaki kwanza, kisha mkono, kisha koti la kanisani, na mwishowe Evaristi mwenyewe, mkulima wa Kibingo, mtu wa miaka hamsini na minane hivi. Siku za soko huwa anapita hapa na mkungu wa ndizi begani. Siku hiyo hakuwa na ndizi na haikuwa siku ya soko.

Evaristi: Shikamoo mzee Kaijage.

Jaji: Marahaba, Evaristi. Kibingo hamjambo?

Evaristi: Hatujambo. Migomba ndiyo inaumwa mnyauko.

Pancha: Shikamoo mzee.

Evaristi: Marahaba, mwanangu.

Salvina: Waitu, ndugu yetu, kaa unywe. Umevaa kama unakwenda kuoa.

Akakaa pembeni kabisa ya benchi, bahasha mapajani, akapokea kikombe kwa mikono miwili. Redio ikasema tena habari ya kura, na Evaristi akainua kichwa.

Evaristi: Wamesema kubara?

Mubashara: Kubara. Kuhesabu. Wanataka kura zote za rais zihesabiwe tena.

Evaristi: Aa. Kuhesabu. Mimi nimesikia vingine. Kwetu nyumbani, kwa Kinyarwanda, kubara ni kuhesabu, na kubara ni kusimulia. Neno ni hilohilo moja. Nikadhani wataziita kura moja moja, kila moja isimulie yake.

Pancha alicheka mpaka kahawa ikampalia. Mubashara alimpiga mgongoni. Kisha jambo likaingia, na ukungu ni mahali pazuri pa jambo kuingia. Nikaiona kura ikipanda kizimbani. Karatasi imekunjwa mara mbili, inajikunjua kidogo kidogo, inakohoa.

Pancha: Yangu itasema nilisinzia kwenye foleni, nikaamshwa na msimamizi.

Salvina: Yangu itasema ilishikwa na mkono wenye masizi. Nilitoka hapa hapa jikoni. Itasema pia nilisimama ndani ya kile kibanda muda mrefu, maana ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule nimesimama mahali bila mtu kuniagiza kitu.

Mubashara: Yangu itaeleza kila kitu tangu mwanzo.

Pancha: Yako itadanganya.

Mubashara: Itaeleza vizuri!

Jaji alikuwa amefumba macho. Alipozungumza, sauti yake ilitoka mbali, kama inayopita daraja.

Jaji: Wazo hili haliwezekani kiutaratibu, lakini hebu litazameni. Kura milioni kadhaa, kila moja inapewa dakika tano tu. Majaji wanazeeka kwenye viti. Mawakili wanafia kazini, watoto wao wanavaa majoho yaleyale na kuendelea. Karani anaita: kura ya mtu aliyevuka mto kwa mtumbwi akapiga na kurudi kunyonyesha, ingia. Inaingia, inasimulia. Nchi nzima inakaa redioni, miaka mia moja na ishirini, na hakuna anayeuliza nani ameshinda, kwa sababu kila siku kuna ya kusikiliza.

Mubashara: Na rais?

Jaji: Rais naye anasikiliza. Hana kazi nyingine.

Tukakaa hivyo, tukisikiliza mto. Salvina ndiye aliyerudi wa kwanza. Mwenye jiko hawezi kuota muda mrefu.

Salvina: Na hiyo bahasha, Evaristi?

Evaristi: Nahojiwa saa tatu, pale ofisini juu. Afisa wa vitambulisho vya taifa anakuja leo kwa ajili yetu wa kata za huku.

Salvina: Si ulishahojiwa?

Evaristi: Mara tatu. Hii ya nne amesema ni ya mwisho. Nikishindwa, jina langu linatoka kwenye orodha ya raia linakwenda kwenye orodha ya wageni. Nitaomba kibali cha kuishi Kibingo. Nilizaliwa Kibingo, mama. Kitovu changu kiko pale chini ya mgomba wa tatu kutoka mlangoni.

Jaji: Umeshindwa wapi?

Evaristi: Kwenye ng'ombe. Anasema nisimulie baba alivyoingia kutoka Rwanda. Mara ya kwanza nikasema alikuja na ng'ombe wawili. Mara ya pili nikasema watatu. Akaandika: maelezo hayawiani.

Pancha: Sasa walikuwa wangapi, mzee?

Evaristi: Wawili walipoondoka, watatu walipofika. Mmoja alizaa njiani.

Pancha: Ungemwambia!

Evaristi: Nilimwambia mara ya tatu. Akauliza kama ndama alizaliwa upande ule au upande huu.

Evaristi akafungua bahasha, akatoa kitambulisho chake cha mpiga kura, kile ambacho mitaani tunakiita kichinjio, kimechakaa pembe, akakiweka juu ya goti kama mtu anayeanika kitu.

Evaristi: Nilimpa hiki. Nimepiga kura tangu nikiwa kijana. Akasema hiki si ushahidi wa uraia, hiki ni cha kupigia kura tu. Nikamuuliza, asiye raia anapiga kura? Akasema swali zuri, tuendelee.

Hapo Jaji akafumbua macho. Nimeishi na Mzee Kaijage kwenye benchi hilo miaka mingi, na sijawahi kumwona akifumbua macho namna ile. Aliweka kikombe chini.

Jaji: Ngoja. Ngoja kwanza. Kura yako ya urais ilihesabiwa?

Evaristi: Nadhani. Niliitumbukiza.

Jaji: Ilihesabiwa. Ikaingia kwenye jumla ya kituo, ya kata, ya jimbo, ya taifa. Tume ya taifa ikasimama ikatangaza jumla hiyo. Na Katiba yetu, ibara ya arobaini na moja, inasema nini? Rais akishatangazwa, hakuna mahakama yoyote yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Wenzetu wa ng'ambo wanakwenda mahakamani. Sisi jambo hilo limefungwa, limepigwa lakiri.

Pancha: Sisi tuna bahati?

Jaji: Sijasema bahati, nimesema lakiri. Sasa sikilizeni. Evaristi akiwa si raia, kura yake haikuwa kura. Jumla imezidi moja. Afisa akisema Evaristi si raia, amesema jumla si sahihi. Amechunguza kuchaguliwa kwa rais! Mahakama Kuu haiwezi, Mahakama ya Rufani haiwezi, ataweza yeye, kwenye meza yenye mguu mmoja wa matofali?

Mubashara: Uhaini huo!

Jaji: Siendi huko.

Mubashara: Mimi nakwenda! Akimfuta Evaristi, jumla inapungua moja. Jumla ikipungua, tangazo limeharibika. Tangazo likiharibika, hatuna rais tangu siku ile. Na yeye afisa ameajiriwa na nani? Barua yake ya ajira ni batili! Amekaa chini ya picha ya mtu ambaye yeye mwenyewe amemtoa. Inabidi asimame, aiteremshe picha, ajifukuze kazi, arudi kwao.

Pancha: Na akitokea Ngara, mpakani kama sisi?

Mubashara: Naye tutamuuliza ng'ombe walikuwa wangapi!

Benchi liliyumba. Salvina alishika birika lisianguke. Kwa muda kidogo, niwaambie ukweli, nchi nzima ilikuwa imesimama juu ya kitambulisho kilichochakaa pembe, kwenye goti la mkulima wa Kibingo, na ilisimama imara. Jaji akaanza kutunga barua kwa mdomo, "Kwako Bwana Afisa, husika na kichwa cha habari hapo juu," na Mubashara akiitikia kwa kichwa kila penye mkato. Evaristi alikuwa akisikiliza kwa makini sana, kama mtu anayekariri.

Evaristi: Nimeelewa, mzee. Nitamwambia hivyo. Ila anaweza kuniuliza kitu.

Jaji: Aulize!

Evaristi: Kura ni siri. Haina jina. Sasa akisema nimwonyeshe ipi ni yangu, nimwonyeshe ipi?

Jaji alifungua mdomo. Mubashara alifungua mdomo. Redio ilijaza nafasi kwa tangazo la sabuni. Nilimtazama Pancha, naye akaitazama tairi yake ya mbele.

Evaristi alisubiri kidogo, kwa heshima, kama tunavyosubiri mtu mzima atafute neno. Alipoona halipatikani, akarudisha kitambulisho kwenye bahasha.

Evaristi: Basi. Asanteni kwa kahawa. Yule afisa alichotaka ni mtu mzima mmoja, asiye ndugu yangu, aje aseme ananifahamu. Anayenifahamu zaidi ni jirani yangu Nizigiyimana, lakini naye yuko kwenye orodha hiyohiyo, nyuma yangu.

Salvina: Ta Kaijage, mzee wangu.

Jaji: Nini?

Salvina: Umesikia.

Jaji: Mimi ni mtu wa Bukoba, Salvina. Huku ni mgeni tu.

Salvina: Mwaka wa kumi na tisa huu, mgeni. Nani aliwahi kukuuliza ulikuja na ng'ombe wangapi?

Jaji alikitazama kikombe chake kilichobaki nusu. Redioni mtangazaji alishusha sauti, akasema majaji wanaingia, watu wote wasimame. Mubashara akatuashiria tunyamaze. Na Mzee Kaijage akasimama. Kwa sekunde moja sikujua amesimama kwa ajili ya majaji au ya Evaristi.

Jaji: Pancha, washa. Tutapanda wawili.

Pancha: Mlimani pale trafiki wanakaa, mzee.

Jaji: Wataona nini, na ukungu huu? Washa.

Alipanda nyuma ya Evaristi kwa shida, koti likamnasa kwenye taa, akashika mabega ya mwenzake kwa mikono yote miwili. Evaristi huyo amemuuzia ndizi za kupika karibu kila siku ya soko. Pikipiki ikakohoa, ikakubali. Walikuwa wameshapotea machoni tulipomsikia Jaji akipaza sauti ishinde injini, kwa lafudhi yake ya mahakamani:

— Na baba yako aliitwa nani?

Salvina akanyoosha mkono akaizima redio, hukumu ikiwa ndiyo kwanza inaanza kusomwa, ili tulisikie jina. Mubashara hakulalamika. Tuliinama mbele, watu watatu kwenye benchi la watu wanne, tukitega masikio kuelekea kilimani. Evaristi alijibu. Sauti yake tuliisikia vizuri. Jina lenyewe hatukulipata; pikipiki ilikuwa inabadilisha gia.